Wanawake Waliobaki Wakati Mjane Anaogeshwa

Kambini kwetu, mfanyakazi wa mgodi akifa, nyumba ilirudi kwa kampuni, na vitu vya ndani vilichukuliwa na ndugu zake. Mjane alibaki na watoto na nguo alizovaa. Redio iliwasifu akina mama wa Zaïre kila asubuhi, lakini vitanda viliendelea kutoka. Watu walisema ni desturi. Mimi nilitaka kujua inatendeka vipi hasa, kwa maana usilojua linavyotendeka huwezi kulizuia.

Shule niliiacha mapema. Kifaransa nilijifunza katika vitabu vya watoto wangu. Kuuliza nilijifunza kwenye kituo cha akina mama, nilikokuwa nikipima uzito wa watoto wachanga. Pale tulikuwa na sheria: mtoto hapimwi leo na nguo, kesho bila nguo, la sivyo hutajua kama amenenepa au ni sweta. Basi na wajane niliamua kuwauliza wote maneno yaleyale. Nilikwenda kwao wakiwa wanatwanga sombe, majani ya muhogo, au kupepeta unga, kwa sababu mtu mwenye kazi mikononi huongea bila haya.

Mwanzoni niliuliza nini kilichukuliwa, na nani alichukua. Nilipata machozi na matusi kwa mashemeji, basi. Kisha nikaongeza swali: wewe ulikuwa wapi? Mjane wa kwanza alinishangaa. "Nilikuwa mtoni. Si mulikuwa munaniogesha?" Wa pili alikuwa mtoni. Mwingine, aliyefiwa akikaa mji mwingine, Kipushi, naye alikuwa mtoni.

Siku ya kuondoa matanga mjane huogeshwa, na wanawake wote wa mtaa humsindikiza kwa nyimbo. Ni heshima kubwa, na aliyekosa kwenda husemwa. Kumbe sisi wenyewe, rafiki zake, ndio tuliokuwa tukiiacha nyumba tupu. Mashemeji hawakuhitaji kumsukuma mtu. Walisubiri tuondoke tukiimba.

Muda si mrefu jirani yangu akafiwa na mume, fundi wa tanuru la shaba. Alikuwa na mashini ya kushona, ile ya kukanyaga, aliyoinunua kwa kushona sare za shule. Shemeji yake alikuja kwa treni kutoka Sakania na kutangaza mbele ya waombolezaji kwamba mjane na watoto watakwenda kwake, awe mke wa pili. Jirani yangu hakutaka. Alikuwa ameona chumba cha kupanga mtaa wa Katuba, na kodi ingetoka kwenye mashini.

"Mashini ikienda Sakania," aliniambia, "mimi nitaifuata."

Sikuwa na neno dhidi ya kuogeshwa. Yeye mwenyewe alikutaka, kwa ajili ya mumewe. Nilichotaka ni watu wa kubaki. Nikatafuta wale ambao hakuna angewasema: wanaonyonyesha, na bikizee mmoja wa mtaa ambaye miguu yake ilijulikana kwa kuvimba. Nikabaki nao. Nyimbo zilipoteremka kuelekea mtoni, tuliketi ndani ya nyumba tukingoja. Kama nilikosea, ningekuwa nimemkosesha jirani wasindikizaji bure.

Shemeji aliingia na vijana wawili. Nje walikuwa wameegesha pusupusu, mkokoteni wa kusukuma kwa mkono. Akasimama mlangoni.

"Bamama, hamukuenda mtoni?"

"Miguu inakatala, bwana yangu," bikizee akajibu. Kwetu kikongwe humwita kijana yeyote bwana yake, na kijana hana ruhusa ya kukasirika. Bikizee alikuwa ameketi juu ya kifuniko cha mashini, kitenge chake kimeifunika yote. "Karibu. Umeniletea nini?"

"Kambo," akasema, kama mtu anayemwita bibi yake, "toka kidogo. Tunabeba kintu ya ndugu yetu."

"Ndugu yako alijua kushona?"

"Iko mali ya famille, Kambo."

"Basi unibebe pamoja nayo. Lakini muke wako wa Sakania utamuambia nini? Ulienda kutafuta mujane, unarudia na kizee? Na mimi nakula sana, nakuambia mapema."

Vijana wa pusupusu waliangua kicheko kabla yetu. Shemeji akageukia godoro. Palikuwa na mama mmoja na kitoto kimelala.

"Unamuamusha, unamunyonyesha," yule mama akamwambia.

Akanitazama mimi. "Ni wewe unafundisha bamama mambo ya bazungu?"

"Hapana, baba," nikasema. "Tumekaa kwenye matanga ya ndugu yako. Unataka kutufukuza?"

Desturi aliyoitegemea ilikuwa yetu pia, na haina nafasi ya kumwondoa mwombolezaji kwa mkono. Shemeji akaomba maji, akaketi kizingitini. Vijana waliondoka na pusupusu yao.

Mjane aliporudi, kitambaa cheupe kichwani, hakumtazama shemeji kwanza. Alitazama mashini. "Bukari iko wapi?" bikizee akamdai ugali wake. "Nakaa juu ya chuma hata mgongo inakauka."

Baada ya chakula jirani yangu alipiga magoti mbele ya shemeji yake. Alimkabidhi baiskeli ya marehemu na abakosti yake nzuri, koti lake la siku za heshima. Kisha akasema: "Shemeji, asante kwa kuja kulia na sisi. Mimi na batoto tunabaki Lubumbashi." Yule bwana aliipokea abakosti, akaikunja vizuri, akaitikia kwa kichwa.

Jirani alihamia Katuba na kushona huko. Sisi tukaendelea kubaki, matanga baada ya matanga. Si kila mara tulifaulu, lakini mara nyingi kitanda kilikutwa mahali pake.

Miaka michache baadaye nilikwenda kwenye msiba mtaa wa mbali, ambako hakuna aliyenijua. Wanawake walipoanza kujipanga kwa safari ya mtoni, nami nikasimama. Dada mmoja, mkali, akanishika mkono.

"Wee mama, usiende. Kaa pale juu ya sanduku."

Nikamuuliza kwa nini.

"Hapa kwetu iko vile," akasema. "Mujane hawezi kuacha nyumba bila bantu."

Nikakaa juu ya sanduku.