Motokari ya Kusukumwa Haikosake Rafiki

Ee ba tantine, ba tonton, na ninyi batoto munaojificha nyuma ya sahani ya kuku: mukaribie! Mwenye eko na kiti akae. Mwenye hana kiti akalie hadisi yangu, iko ngumu kama chuma. Na musiangalie shati yangu. Ndiyo, nimechelewa. Ndiyo, niko na jasho kama muntu aliyetoka kupigana na mamba. Ndiyo, mikono iko nyeusi siku ya fête, ya sherehe. Mutajua ni juu ya nini. Muongeze kwanza pilipili, mimi nianze.

Leo asubuhi nilikuwa mu kiwanja ya nyuma ya ile nyumba yetu ya zamani, kule Schaerbeek, mu Bruxelles, nimeinama mu kofri, ile sanduku ya nyuma, ya motokari ya marehemu papa. Nilikuwa nafunga coupe-batterie mupya, ile swichi kadogo ya kukata umeme ya batri, juu ile ya zamani ilikuwa imeliwa na kutu. Nilifungua kwanza waya ya moins, ile ya hasi, vile papa alinifundishaka, juu ukianza na plus, cheche inaweza kukusalimia kwa majina yako yote. Nikapitisha mabulon, nikakaza na spana, clé de treize. Kisha nikashika mu mukono ule ufunguo wake mwekundu, wa plastiki, mwepesi kama peremende.

Bon. Hapo njo akili yangu iliondoka, ikaniacha pale na kitambi yangu. Harufu ya batri na petroli, mvua kidogo kidogo juu ya bati, kengele ya tram kule chini. Nikawa tena mutoto wa magoti yenye vidonda, niko nangojea beignet, andazi ya moto.

Ile motokari, ba rafiki, ilitoka Amerika. Milango mbili, silinda nane, rangi yake kama mafuta ya mawese ikiwa juu ya moto. Papa alionaka moja ya namna ile Lubumbashi akiwa kijana, mukubwa moja wa mine ya shaba alikuwa anapita nayo mbele ya kanisa, na toka siku ile papa hakulala muzuri mupaka alipopata yake huku Bruxelles. Ilikuwa murefu! Pua ilifikaka stesheni ya Gare du Nord, matako ikiwa bado Schaerbeek inatafuta viatu. Na sauti yake je? Ikiwaka, madirisha yalitetemeka, paka walizaa kabla ya wakati, na wafu ba makaburi ya Evere waligeuka upande wa pili na kulomba muto wa kulalia.

Lakini nimesema ikiwaka. Shida ilikuwa pale. Ile motokari ilikuwa inakunywa umeme usiku, kwa siri, kama mulevi mwenye kuogopa bibi yake. Kulikuwa waya moja fulani yenye kuvuja, na papa aliitafuta miaka na miaka. Alitosha viti inje, alitosha tapis za sakafu, alikuta hereni ya maman, alikuta mufupa wa kuku, ile waya hakuikuta. Asubuhi batri ilikuwa imekufa, baridi kama tumbo ya samaki.

Donc kila dimanche, Jumapili, kabla ya kanisa, tulisukuma. Papa ku volan, usukani mu mikono, na kravati yake, maman nyuma na viatu vya visigino, sisi batoto ku pembeni, na barabara yote ikatoka. Jirani Mturuki, mwenye kuoka mikate, alikuya na unga mupaka ku viwiko. Ukiangalia koti ya papa mu kanisa, uliona alama za unga za mikono ya Mturuki mara kumi na mbili, juu alimupigaka mugongoni kumupongeza. Mwalimu wetu, Mubeleji mwembamba kama antena, alifunga imbwa yake ku nguzo akasukuma. Ku dirisha ya juu, kambo yetu, mama wa papa, aliongoza kazi na mwiko: "Sukumaaa! Wewe wa kushoto, unasukuma ao unajiegemesha?" Ile neno sukuma, barabara yote ilijua. Mturuki, Mumaroko, bibi Muflama wa pa kona. Mu Kiswahili yote hawakujua lingine, na halikukosekana lingine.

Tukifika pa mutelemuko, papa anaachia embrayage, ile pedali ya klachi, na motokari inakohoa, inapiga chafya, inanguruma. Bantu wanapiga makofi. Kisha kambo anashuka na beseni ya beignets za moto, kila muntu anakamata yake na vidole vyenye mafuta, na moshi ya petroli inachanganyika na harufu ya sukari. Mupaka leo nikipita pa station-service ya petroli, mate inajaa mu kinywa. Docteur asema si kawaida.

Kambo alikuwa anasema: "Motokari ya kusukumwa haikosake rafiki." Sisi tulidhani anatuliza papa tu.

Kisha tantine akapata muchumba. Ndiyo, ni tantine huyu huyu wa fête yetu ya leo, dada mudogo wa papa, mwenye kukaa pale anajifanya hasikii. Muchumba alitoka familia ya Liège, bantu ba motokari nyeusi za Kijerumani zenye kung'aa. Unajichana nywele mu mulango. Mama ya muchumba alitupataka siku moja tukiwa tunasukuma. Alipandisha kioo yake polepole, na ile kioo ilisema yote.

Tantine aliingia mu cuisine, ku jiko, akalia mupaka mboga ya sombe ikazidi chumvi. Akaambia papa: "Yaya, kaka yangu, nataka nifike commune kuandikisha ndoa na motokari yako, ya kifamilia, ikinguruma. Lakini nikisukumwa hata mètre moja mbele ya ile mama, nashuka, narudi nyumbani, na siolewi tena. Wallahi ya Mungu na ya Mturuki!"

Na munamujua. Tantine akisema kintu, hata mvua ya Bruxelles inamupisha.

Papa alikonda. Njo jirani Mturuki akamwambia: "Voisin, kama huioni ile waya yenye kuvuja, kata umeme yote usiku. Tia coupe-batterie." Jumamosi ile papa akaifunga mu kofri, sisi batoto tuko juu ya ukuta kama kunguru, kambo amesimama na mikono ku kiuno.

"Na hii kadogo kekundu ni ya nini?"

"Mama, ni ufunguo. Ukiugeuza na kuutosha, motokari inalala. Hata mwizi akuje na mafundi yake yote, haiendi."

Ba rafiki, mu ile maneno yote, kambo alisikia neno moja tu: mwizi.

Asubuhi yake papa akatia ufunguo, akageuza, akaketi. Vruum! Hapo kwa hapo! Tukaruka tukaimba. Siku ya pili, vruum. Siku ya tatu, vruum. Tantine akaanza kucheka tena. Lakini dimanche yenye kufuata, kabla ya kanisa, nilimuona Mturuki pa mulango ya duka yake, amesimama na unga ku mikono, hana pa kuitia. Mwalimu alipita na imbwa yake bila kusimama. Beignets za kambo zilipoa mu beseni. Nilikula nyingi, lakini hata mimi niko na mwisho. Zamani nilikuwanaka mwisho.

Siku ya ndoa ikafika. Tantine akashuka na robe ya bibi-arusi, nyeupe, ndefu. Ilijaza motokari kama maziwa inapofura mu sufuria. Papa akafungua kofri.

Ufunguo haukuwa pale.

Tulitafuta! Chini ya tapis, mu masanduku ya bière, mu kinywa ya mutoto mudogo, juu yeye alimezaka kila kintu. Kambo alikuwa amekwenda mapema na tram, yeye na ba maman ba kanisa, kushika viti ku commune. Tukamupigia. Telefone ya kambo ililia ndani ya kabati yetu, hapana! Haikulia hata: alikuwa ameizima toka Noël, Krismasi, juu aliogopa batri isikwishe. Na ku commune ya huku, ukichelewa, ndoa ya bengine inaingia mu nafasi yako, wewe unarudi nyumbani na keki yako.

Papa aliangalia tantine. Tantine aliangalia papa. Akatosha muguu moja wenye kiatu cheupe inje ya mulango.

Njo Mturuki akatoka mu duka yake. Hakuna muntu aliyemuita. Aliona tu ile motokari imenyamaza, imezungukwa na bantu, akatupa taulo akapaza sauti: "Sukuma?" Mwalimu akafunga imbwa ku nguzo. Bibi Muflama akaweka kikapo chini. Milango ikafunguka moja baada ya ingine, na bantu wakakuya bila kuuliza, kila muntu akatia mukono pale mukono wake ulizoea.

Kile kiatu kilibaki hewani. Tantine aliwaangalia mu kioo ya nyuma. Kisha akarudisha muguu ndani, akafunga mulango, akasema ku dirisha:

"Bon. Kama munanisukuma, munisukume na heshima. Muimbe!"

Sijaona tena kintu kama kile. Injini haikuwaka hata pa mutelemuko, juu umeme ilikuwa imekatwa kabisa. Ile motokari ya kuamsha wafu ikapita mu barabara za Schaerbeek kimya, kama wingu lenye rangi ya mawese. Sauti zetu tu, na viatu, na mapira ya magurudumu yakinong'oneza juu ya mawe yenye maji. Tram ilisimama, ikatungojea. Jua ilitoka, na munajua jua ya huku, haitokake bila barua ya convocation. Nilikuwa natembea na mukono juu ya bati baridi, na niliona sawa ni mimi moja ninayepeleka dunia yote ku ndoa.

Pa mbele ya commune, familia ya Liège walisimama juu ya ngazi. Mama ya muchumba alifungua kinywa mupaka tukaona meno ya dhahabu. Lakini muchumba alitosha koti, akakimbia chini, akatia bega pa pembeni ya Mturuki. Alifika ku ndoa yake na unga ku masikio.

Mu salle ya ndoa, kambo alikuwa kiti ya mbele kabisa. Tantine aliposema "oui", kambo machozi yakamutoka. Akafungua pembe ya kikwembe yake, kile kitenge cha kiunoni, pale anafungaka bintu vyote vya maana, kutafuta kitambaa. Ting! Ule ufunguo mwekundu ukaruka ku sakafu, mbele ya mukubwa wa commune.

"Mama!" papa akasema.

"Unapigia nani kelele? Wewe si ulisema kuko mwizi? Je, kuna mwizi aliiba?"

Mama ya muchumba alicheka mupaka kofia ikaanguka. "Mutoto wangu ameoa familia yenye kujiiba yenyewe!" Na toka siku ile, akikuya kwetu dimanche, alikuya na viatu vya kusukuma.

Sasa kambo eko kule ng'ambo ya kaburi, papa vilevile. Duka ya mikate imekuwa mahali pa kuuza vifuniko vya telefone. Leo asubuhi nimetia ule ufunguo mupya, tantine ameketi nyuma na bwana yake, tayari kukuya hapa kwenu. Nikageuza, nikaketi ku volan, nikawasha. Vruum! Mara moja, muzuri, kama motokari ya docteur. Nikaangalia barabara. Hakuna mulango uliofunguka. Kijana moja alipita na bintu vya muziki ku masikio, hakuinua kichwa. Tukabaki pale, injini ikinguruma, na nikaona ni kimya kuliko siku ile ya ndoa.

Tantine akaniambia nizime. Akalomba ufunguo. Nikatosha mu kofri, nikamupa, nikidhani anataka kuuangalia tu. Akauzungusha mu vidole, polepole. Kisha akaufunga mu pembe ya kikwembe yake, fundo mbili, akajiweka muzuri mu kiti, na akapaza sauti mupaka madirisha ya juu yakaanza kufunguka:

"Bon! Sasa mushuke, musukume!"