Kichupa Kimoja cha Wafagiaji

Siku Bubu alipomwona Dada Kijiti kwa mara ya kwanza, muuguzi huyo alikuwa amesimama juu ya kiti katika ukumbi wa chuo, barakoa imemshuka kidevuni, kijiti chenye pamba mkononi, akiwafokea wanafunzi. "Inueni pua, wanangu, siwaombi mahari!" Foleni nzima ikaangua kicheko. Bubu, mfagiaji aliyepachikwa jina hilo kwa uchache wa maneno yake, alicheka kimyakimya nyuma ya ufagio.

Chuo kilikuwa kimetangaza kwamba kila mtu atapimwa virusi ndipo masomo yaendelee. Kutangaza hakuhitaji vifaa. Wanafunzi walipimwa mmoja mmoja. Ilipofika zamu ya wafagiaji, mkuu wa zahanati ya chuo akaamuru vijiti vyao vyote vitiwe kwenye kichupa kimoja, kubana vifaa. "Kikiwa safi, wote safi."

"Na kisipokuwa safi, bosi?" Dada Kijiti akauliza.

"Tutawarudia."

Bubu hakuhofia pua yake. Nyumbani walikuwa na chumba kimoja, yeye na mama yake mwenye kifua kibovu, na tangu ugonjwa uingie hosteli alikuwa akilala stoo, kati ya ndoo na mafagio. Alitaka neno moja tu: arudi kwa mama au asirudi.

Majibu yalichelewa, na yalipokuja, kichupa kilikuwa na virusi. Vifaa vya kuwarudia vikawa havipo. Vilivyobaki vilikuwa vya wanafunzi. Wafagiaji wakaambiwa warudishe funguo, wakajitenge majumbani kwao. Stoo ikatiwa kufuli. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Dada Kijiti alimvaa bosi mbele ya watu. "Mtu ana chumba kimoja na mama yake, ajitenge wapi? Darini?" Bosi akamwambia avue koti jeupe, aondoke na wafagiaji wake.

Wakakutana getini, Dada Kijiti na mkoba wake, Bubu na godoro kichwani. Siku hiyo Bubu alifungua kinywa.

"Dada, ni mimi?"

"Sijui, kaka yangu. Mimi niliyechanganya vijiti vyenu, sijui." Akatazama pembeni. "Mama akuone dirishani tu. Usiingie."

"Na wewe? Majibu yako yalikujaje?"

Akacheka, kicheko kilekile cha juu ya kiti, ila kifupi.

"Mshika kijiti nani amshikie? Sijapimwa hata siku moja."