Uzio wa Chemchemi ya Bibi Zonnie

Elouise Claw hakai. Kwenye mkutano wa tawi, serikali yetu ya mtaa, husimama mlangoni, na kahawa yake hupoa juu ya boneti ya pikapu kabla hajaionja. Alianza kwa kuuza mkate wa kukaanga na mchuzi wa kondoo gulioni. Akanunua tangi, akawa anawachotea maji wasio na bomba. Watu walipochoka kumsikia akilalamikia visima, wakamkabidhi ofisi ya maji na ardhi ahangaike nayo mwenyewe. Ofisi ni chumba kimoja nyuma ya ukumbi wa mikutano, hapa kaskazini mwa Arizona, kwetu Wanavajo, wenyeji wa asili wa Marekani.

Kila kiangazi chuo humletea wanafunzi wajifunze kazi. Wapo wanaowapokea wanafunzi kama wageni. Elouise huwapokea kama anunuavyo nyasi kavu: anageuza, ananusa, anajiuliza kitatoka nini hapo. Anayejua kuendesha gari akapime visima. Anayeogopa ng'ombe abaki na ramani. Kiangazi kile walikuja watatu, naye alikuwa na jambo moja tu kichwani: chemchemi iliyo chini ya mwamba, kwenye malisho ya Bibi Zonnie Salt.

Ng'ombe walikuwa wameikanyaga mpaka ikabaki tope. Palipojaza ndoo sasa palijaza kikombe. Dawa ilikuwa uzio. Nguzo na waya vilikuwa stoo, na wachimba mashimo ndio hao wanafunzi, ambao wangerudi chuoni kiangazi kikiisha. Kilichokosekana ni neno la Bibi Zonnie, maana malisho yale aliyarithi kwa mama yake, na kwetu ardhi hufuata upande wa mama. Elouise alikuwa amemwomba miaka nenda rudi. Si wa ukoo wake. Hakuwa na pa kushikia.

Akawapeleka wanafunzi wakale kwa bibi. Kwetu mtu hajitambulishi kwa kazi yake. Hutaja koo: kwanza wa mama, ambao ndio wake hasa, kisha wa baba. Zamu ilipomfikia Shandiin Lapahie, msichana aliyekulia mjini Phoenix, alisema yeye ni wa Maji Machungu. Bibi Zonnie akaweka kijiko chini. Ndio ukoo wa bibi mwenyewe.

"Basi wewe ni mwanangu," alisema. Tangu hapo hakumtazama Elouise tena. Alimuuliza Shandiin waya ni wa nini, msichana akaeleza, na bibi akamgeukia mwanawe Leland, mwenye wale ng'ombe. "Binti wa nyumba hii amesema. Wekeni."

Elouise alipakia nguzo alasiri ile ile, kabla neno halijapoa. Alikuwa akifunga kamba ya mwisho Shandiin alipomjia uani, simu mkononi. Alikuwa amempigia mama yake ajisifu, na mama amecheka mpaka akapaliwa. Maji Machungu ni ukoo wa baba. Msichana aliutanguliza kwa kuwa jina la baba ndilo alilozoea kuandika shuleni. Yeye ni wa mama yake, wa ukoo wa Matope.

Elouise alizunguka pikapu, akapiga teke tairi ambalo halikuwa na kosa. Wale wanafunzi wengine walishauri wanyamaze, nani atajua?

"Watajua wote," alisema. "Bibi ataulizia mama yako ni mtoto wa nani, na Phoenix imejaa binamu zake. Siku hiyo Leland atazing'oa nguzo kwa trekta, na ofisi yangu haitakanyaga tena pale. Kibali cha makosa ni gari la kuazima. Mwenyewe akija, unashuka."

Asubuhi walimkuta bibi zizini akipunguza kwato za kondoo. Shandiin alisema mwenyewe, akitazama viatu vyake. Bibi alimaliza ukwato alioushika, kisha ukwato mwingine.

"Kwa hiyo mimi si mama yako."

"Hapana. Wewe ni bibi yangu mzaa baba."

"Hilo angalau umeuliza. Mjukuu wa upande huo haombi ardhi. Anaomba peremende."

Leland, aliyekuwa ameegemea lango, aliona raha. "Jana nimepata dada, leo amegeuka binti yangu. Kesho mtaniambia ni mama mkwe, nifumbe macho nikimbie." Kwetu mwanamume wa ukoo wa baba yako ni baba yako, na mkwe wa kiume hamtazami mama mkwe usoni.

Neno likawa limerudishwa. Elouise alikwenda mpaka langoni, akarudi, akaenda tena. Mwishowe aliuliza swali ambalo angepaswa kuanza nalo: bibi anaogopa nini hasa kwenye ule waya?

"Kiu," bibi alijibu. "Unanifungia maji, halafu unasema birika la kunyweshea mifugo litakuja baadaye. Baadaye ya ofisi naijua. Wifi yangu alikufa akiisubiri."

"Basi birika kwanza. Uzio baadaye."

"Kwanza, na nilione limejaa. Na huyu abaki hapa anichungie kondoo."

Elouise hakukubali papo hapo; hajawahi kukubali bei ya kwanza maishani mwake. Alisema msichana atachunga asubuhi tu, mchana ni wa ofisi, na mtaro wa bomba ni mrefu kuliko mikono ya wanafunzi watatu. Bibi alifikiri, kisha akaita bila kugeuka. "Leland, binti yako anahitaji mtaro."

Leland aliacha kutabasamu. Dada angeweza kumpiga chenga. Kwa binti hana pa kukimbilia. Mwanamume wa kwetu, mama yake mzazi akimtazama, hamnyimi mtoto wake. Akaenda kuwasha trekta.

Bomba lililazwa, birika likajaa, ng'ombe wakalizunguka. Bibi Zonnie alitumbukiza mkono mpaka kiwikoni kana kwamba anatafuta udanganyifu chini. Kisha akatembea na fimbo yake, akasimama mahali na kusema kona ya uzio iwe pale. Palikuwa karibu zaidi na chemchemi kuliko kona ya kwenye ramani ya Elouise. Elouise akabishia sehemu ya kunyonyeshea wana-kondoo, akabishia kivuli cha mwamba, akapewa kivuli tu. Mawingu ya mvua yalikuwa yakipanda, na wanafunzi walikwisha kufungasha mabegi ya kurudi chuoni; muda wa kubishana ulikwisha.

"Chimbeni," alisema, akaushika waya mwenyewe.