Wali Mweupe wa Eda

Nilipomaliza chuo bara na kurudi Chokocho, baba alikuwa amefariki, na nilimkuta mama yumo edani, miguu yake imevimba. Nilimgusa nyayo, hakuhisi kitu. Akienda uani tu, alirudi akihema.

"Rudisha mlango," aliniambia. "Nani aniletea wali? Wifi yangu, tangu mazishi. Na miguu nayo imeanza lini?"

Shangazi alikuwa akimheshimu mjane wa kaka yake kama desturi ilivyotaka: mfiwa hapelekewi wali wenye rangi. Alirudia kuutwanga mchele mpaka ung'ae, akauosha mpaka maji yatoke maangavu, akauchemsha na kumwaga maji yake. Wishwa, ule unga wa ganda la ndani, aliwatupia kuku. Mama, kwa huzuni, hakugusa kitoweo. Alikula wali huo na chai basi.

Nami nikashuku, ila si shangazi. Chuoni tulifundishwa kuwa seli huivunja sukari mpaka ikawa asidi ya piruviki. Penye hewa haiishii hapo: seli huiondolea kaboni moja, ikatoka na pumzi yetu, na kinachobaki huunguzwa kikatoa nguvu. Hatua hiyo haifanyiki bila vitamini B1, ambayo kwenye mpunga hukaa zaidi katika wishwa. Ikikosekana, piruviki hurundikana damuni, na moyo na mishipa ya fahamu hukaa na njaa ilhali tumbo limeshiba.

Nilikuwa na hakika. Kisha nikajiuliza: je, kama ni maradhi ya moyo tu? Je, kama mama asema kweli, wali umetiwa kitu?

Hata hivyo nilipika uji wa wishwa, na kunde pembeni.

"Chakula cha kuku," mama alisema. "Ndiyo elimu uliyoifuata bara?" Akaunusa. "Umepika wewe mwenyewe?"

"Mimi."

"Hakuna aliyeingia jikoni?"

"Hakuna, mama."

"Basi lete."

Miguu ikanywea, ganzi ikapungua. Na kijiji kikapata ushahidi: ameacha wali wa wifi yake, amepona. Nilieleza piruviki nyumba hadi nyumba. Walinisikiliza kwa adabu, wakazidi kumkwepa shangazi.

Eda ilipokwisha, shangazi alikuja na sahani ya wali mweupe.

"Mwanangu, wewe umesoma. Wali wangu ulikuwa na nini?"

"Haukuwa na kibaya, shangazi. Kilichomwumiza ni kilichokosekana."

Akaketi barazani, akaula wote mbele ya wapita njia. Mama alichungulia dirishani, akaninong'oneza:

"Mtazame vizuri. Anameza?"