Pua ya Afande

Juzi sokoni Mbalizi, mwanajeshi mmoja wa kike alivaa barakoa ya kuzuia gesi ya sumu, akainamia ndizi mbivu na kuvuta pumzi. Wateja wakaanza kurudi nyuma.

"Afande, ndizi zangu zina sumu?" akauliza mama muuzaji, mikono kiunoni.

Afande akaivua barakoa. "Hapana, mama. Tunazifanyia utafiti barakoa hizi. Nikisikia harufu ya ndizi, ujue barakoa inavuja." Akaivaa tena, akakaza mikanda, akainama. Safari hii hakusikia harufu yoyote.

"Na kwenye sumu yenyewe, ataivaa nani kwanza?" akauliza mama.

"Mimi."

Mama akamfungia ndizi kwenye mfuko. "Hizi ukazinuse bila barakoa."

Wengi hutuhakikishia usalama wetu kwa mdomo. Huyu ametanguliza pua yake.