Niliyemsema Kwenye Kipaza Sauti

Jamani, sijui Babati nitapita njia gani. Kwenye harambee ya shirika letu mimi ndiye niliyeshika kipaza sauti, kazi yangu kuwaita watetezi wa jamii waje wapokee vyeti. Asubuhi Mama Neema, jirani yangu wa Nangara, aliwahi na kitenge kipya. Nikajua kaja kusaidia. Nikamfunga aproni, nikampeleka jikoni kumenya viazi.

Wakati wa vyeti ukafika, nikasoma jina la kwanza kwenye orodha, "Paskalina!" Hakuja mtu. Nikaita mara tatu. Hasira zikanipanda.

"Wengine hawana shukrani," nikatangaza. "Wanaheshimiwa, hawaji!"

Ukumbi mzima ukageukia mlango wa jikoni. Mama Neema alikuwa amesimama pale, kisu mkononi.

"Shikamoo, mama," nikasema kwa sauti ndogo.

"Marahaba, mwanangu. Paskalina ni mimi. Nije, au nimalizie kwanza viazi vyako?"