Mikono ya Susu na Mlango wa Kilungu

Wiki jana ndugu yangu mdogo alinipigia simu kutoka nyumbani Kilungu, akaniambia amepata mnunuzi wa vyuma vikuukuu na kwamba ule mlango wa mbele anautoa. Nikamwambia angoje kwanza. Akauliza angoje nini, na mlango wenyewe umeliwa na kutu. Nikasema naja mwenyewe. Jumamosi nikaenda, mtu mzima na magoti yangu haya yanayouma, safari yote hiyo kwenda kutazama mlango.

Wewe hukuuona siku zake. Baba alikuwa akifanya kazi Mombasa, na mwaka nilipokuwa darasa la nne aliuleta juu ya basi, chuma kitupu, kwa sababu wezi walikuwa wamevunja kwa jirani wakabeba hadi sufuria. Lakini baba hakutaka nyumba yake ifanane na stoo ya mahindi. Alitaka mlango wa mbao nyeusi, kama ile aliyoizoea kwa wakubwa huko pwani. Basi akamwita fundi kutoka Kikima, mzee mwembamba aliyesifiwa kwamba hugeuza chuma kikawa mti. Kazi ilipaswa kuisha kabla ya Jumapili, maana wazee wa kanisa walikuwa wanakuja kuiombea nyumba.

Siku ya kwanza fundi alipaka rangi hafifu, ya uji wa mahindi, na sisi tukaona baba ameibiwa mchana. Siku ya pili akapaka juu yake kahawia iliyokolea, na kabla haijakauka akatoa kitana alichokuwa ameking'oa baadhi ya meno, akakivuta polepole kutoka juu hadi chini. Mistari ya mbao ikajitokeza. Hapa na pale alizungushia kidole gumba kitambaa, akabonyeza, akageuza kidogo, na palepale ukaona jicho la mbao, mahali ambapo ungeapa tawi liliwahi kuota. Nilisimama na ndoo ya maji kichwani nimesahau kuitua. Hadi leo nikinusa tapentaini, ile aliyochanganyia rangi, nakumbuka na harufu ya isyo, mahindi na maharagwe yetu, yakichemka jikoni.

Sasa nikwambie kuhusu susu, ndivyo tulivyomwita nyanya, mama yake baba. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, kwa hivyo alipenda kukaa kizingitini pale mbele penye mwanga, akisokota nyuzi za mkonge pajani za kufumia vyondo, vile vikapu vyetu. Njia ya kwenda sokoni ilipita hapo hapo. Kila aliyepita alimwamkia, "Wakya, susu?" naye akaitikia na kumtambua kwa sauti, akauliza kama ng'ombe amezaa, kama mtoto ameacha kukohoa. Siku za soko hakumaliza hata uzi mmoja kwa maongezi. Wiki ile, kwa ajili ya rangi, aliombwa akae nyuma ya nyumba, na huko akachemsha magome ya miti atie nyuzi zake rangi.

Fundi alipokwenda jikoni kunywa chai, alisema mtu asiguse. Mimi nikaona pale chini kushoto hapana jicho hata moja. Nikabonyeza gumba langu. Likatoka doa baya. Nikajaribu kulirekebisha kwa kiganja, halafu kwa jani la mgomba, na kadiri nilivyorekebisha ndivyo rangi ya uji ilivyozidi kutokea chini yake. Nikakimbia mtoni nikasugua mkono kwa mchanga mpaka ukauma.

Niliporudi, baba alikuwa amesimama mbele ya mlango, fundi kando yake na kikombe mkononi. Susu alikuwa amesikia sauti zimepanda, akaja akipapasa ukuta. Mikono yake ilikuwa ya kahawia hadi kwenye vifundo.

Baba akaitazama. "Mwaitu," akamwambia mama yake, "si nilisema mlango usiguswe?"

Ilikuwa rangi ya magome. Asubuhi nilimwona nikiwa nimesimama karibu naye, akikoroga nyuzi ndani ya sufuria. Lakini mama alikuwa ameenda sokoni, na baba alikuwa amekaa Mombasa miaka mingi hata akasahau mikono ya mama yake inavyokuwa siku ya kutia nyuzi rangi. Susu aliileta mikono karibu na macho, akaigeuza.

"Labda ni mimi," akasema. "Siku hizi sijui ninaposhika."

Nilikuwa hatua mbili tu kutoka kwake, nikauficha nyuma yangu mkono niliousugua.

Baba hakumfokea. Alimwambia kwa upole akae tu upande wa jikoni, huko hakuna cha kuharibu. Fundi akatengeneza, wazee wakaja, wakausifu mlango, mmoja akaubisha kwa vidole akacheka aliposikia ni chuma. Susu alisikiliza maombi kutoka jikoni, kwenye moshi na kuku. Rangi ilikauka, baba akarudi kazini, mama akambembeleza susu arudi mbele. Akakataa. "Nitaacha alama," alisema. Akaanza hata kuniuliza kabla ya kushika kikombe, "Hiki nikishike?" Nami nikawa namjibu, "Shika, susu." Miaka mitatu, mpaka alipofariki. Mwanzoni niliogopa kiboko. Baadaye nikaogopa ajue nimenyamaza muda gani.

Jumamosi nilimwambia ndugu yangu yote. Pale chini kushoto bado kuna kiraka cheusi kuliko kwingine, nikamwonyesha. Akacheka kidogo. "Dada, ulikuwa mtoto. Hata susu mwenyewe angekusamehe." Pengine. Mimi nilitaka mtu anikasirikie kwa niaba yake, na wote ambao wangeweza wameshazikwa.

Nikamwambia auze. Alipoenda kumwita mnunuzi, niliketi kizingitini, pale pa susu, nikitazama njia. Ilikuwa siku ya soko. Watu walipita juu ya bodaboda, wengine simu sikioni, vumbi likawafuata. Nilikaa mpaka jua likawa kali, na hakuna aliyeniamkia. Salamu za njia ile zimekwisha. Zilikuwapo bado miaka ile mitatu, kila asubuhi, zikipita mbele ya mlango uliofungwa, na susu akiwa nyuma ya nyumba.